Swali la Ukoo Kabla ya Nusukaputi

Jumatatu, 6 Machi 2017

Kidole tumbo! Madhu kajikunja tangu alfajiri, mimi namwambia ni gesi. Mke gani mimi.

Hapa hospitali, Ongole. Daktari wa nusukaputi ni msichana tu, Sucharita, miwani imemzidi uso. Kauliza pumu, moyo, kala nini jana. Halafu — nyinyi ni Vaishya? Wale wa maduka? Amma, mama mkwe wangu, akamjibu kabla sijafungua mdomo: sisi ni Reddi, watu wa mashamba, waulize watu wa mji huu wakwambie. Ile sauti yake ya harusini. Daktari akaandika. Mtu anapasuliwa, tabaka la nini tena?

Mchana. Upasuaji umekwisha salama, wanasema. Lakini Madhu hapumui mwenyewe, anapumuliwa na mashine. Nauliza kwa nini, wananiambia subiri. Amma yuko kwenye benchi, hali, hanywi, ananung'unika sala.

Jumanne, 7 Machi

Amepumua! Jana jioni. Nililia mbele ya wauguzi, sijali.

Sauti imemkwaruza. Anasema alikuwa anasikia. Alisikia mtu analalamika kuwa chai imepoa, na yeye hawezi kuinua hata ukope. "Hyma, nilijua nimezikwa." Nimemshika mkono.

Daktari Sucharita alikuja kueleza. Nusu nimeelewa. Kuna dawa ya kulegeza misuli ili wapitishe mpira kooni. Kwa watu wengi damu huivunja mara moja. Ya Madhu haiwezi, amezaliwa hivyo. Na ili mtu awe hivyo sharti arithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Vaishya wanayo sana kwa sababu wameoana wenyewe kwa wenyewe tangu zamani, ndiyo maana huuliza. Reddi pia anaweza kuwa nayo, ila ni nadra. Wamechukua damu ipelekwe maabara Hyderabad.

Sasa dawa nayo inajua tabaka la mtu? Kichwa kinaniuma.

Kisha akauliza kama Madhu ana ndugu. Anaye, Sumathi, wifi yangu, yuko Nellore, anajifungua kwa upasuaji Jumatatu ijayo. Mtoto kakingama tumboni. Daktari uso ukambadilika. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anaweza kuwa nayo vilevile. Apimwe, au madaktari wake waambiwe wasimpe dawa ile. Hospitali ndogo isiyo na mashine, mtu anakufa.

Jumatano, 8 Machi

Amma kanikataza kumpigia Sumathi. Ati nitamtia mjamzito hofu bure. Na wakwe zake je, wakisikia ugonjwa wa Vaishya? Wataanza kuchimba damu ya nani ni ya nani.

Sielewi. Huyu huyu juzi alimfokea Sumathi kwenye simu hadi akalia, kisa kala kipande cha papai, ati kitaharibu mimba! Leo anaambiwa mwanawe anaweza kufa kwenye meza ya upasuaji, anachambua dengu.

Ijumaa, 10 Machi

Majibu yametoka. Ni kweli, pande zote mbili. Madhu karudi nyumbani na kadi ya kutembea nayo, aionyeshe kila daktari.

Daktari akamwuliza Amma kwa upole kama kuna Vaishya kwake au kwa marehemu baba mkwe. Hakuna, akasema. Madhu akatania: labda babu alikuwa na duka la siri! Nikacheka. Amma akaomba tuondoke, jua kali.

Jumamosi, 11 Machi

Wali na maziwa ya mgando. Madhu kala vizuri. Nimeshika simu nikaiweka. Nikaishika tena. Namwogopa Amma, basi! Miaka yote hii bado namwogopa.

Jumapili, 12 Machi

Kesho Sumathi anapasuliwa. Asubuhi hii nimempigia, liwalo na liwe. Hakupokea. Mumewe akatuma ujumbe: yuko bafuni, atapiga.

Amma alikuwa nyuma yangu. Kaninyang'anya simu. Sijawahi kumwona hivyo, hata simu ikamponyoka sakafuni.

"Sumathi hana hicho kitu, mwanangu. Mwache."

Nikamwambia Amma, hujampima, unajuaje?

"Sumathi nimemzaa mimi. Najua nilichozaa."

Nikageuka. Madhu alikuwa mlangoni, shati halijafungwa vifungo, kidonda kimefunikwa pamba. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Na mimi, Amma?"

Amma kakaa chini sakafuni, kajifunika uso kwa ncha ya sari. Madhu naye kakaa, palepale, mbali naye kidogo. Hakuna anayelia. Nimeokota simu, nimeingia chumbani, naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono yangu.

Kama Amma anasema kweli, Sumathi yuko salama, na mume wangu ni wa nani? Kama anaficha jingine nisilolijua, kesho tunamzika wifi yangu. Nikimwambia Sumathi awaonye madaktari, atauliza nini kimetokea. Wakwe zake watauliza. Nikinyamaza —

Simu inaita. Ni Sumathi.

Madhu kaniita kutoka kule, taratibu: "Usipokee kwanza, Hyma. Mpaka Amma anijibu."

Inaita bado.