Kifungo cha Tatu cha Sweta la Kidoti

Chumba cha juu ya duka la rangi,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu Shoto,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata. U hali gani, na mgongo unasemaje? Ulisema daktari kakukataza kuinamia cherehani zaidi ya saa mbili kwa siku, nami nakujua, daktari akigeuka tu wewe umeshainama. Wifi yangu hajambo? Na wale pacha, meno ya mbele yameshaota au bado wanacheka kama vizee?

Huku tu wazima. Goti langu limenuna tangu mvua zianze, lakini sokoni linanifikisha. Dada anakula vizuri, analala kidogo. Koti ulilomshonea limefika salama. Alilivaa siku tatu mfululizo mpaka nikamwambia alipumzishe. Hilo koti nitalirudia.

Sasa kaa chini, kaka, maana yanayofuata si ya kusomwa umesimama.

Wiki mbili zilizopita tuliitwa kituoni. Kuna afisa mpya wa upelelezi, binti mdogo mwenye miwani, na yeye amelifufua jalada la Kidoti wetu. Miaka tisa limelala kabatini kana kwamba mtoto wa miaka saba anaweza kutoka shule saa sita mchana, kesho yake akakutwa amenyongwa kwenye jengo ambalo halijakamilika nyuma ya tangi la maji, na dunia ikaendelea tu. Dada, mama mzazi, hakuweza kwenda. Nilikwenda mimi, mama yake mdogo, kutambua vitu vyake.

Unanijua nilivyo. Muuza maziwa akinipunguzia bei, nayachungulia maziwa kama hajaongeza maji. Kwa hiyo miaka yote hii nimewashuku watu wote, kwa zamu.

Nilianza na mlinzi wa shule, kwa sababu alidai alikuwa langoni na mwalimu akasema hakumwona. Miaka miwili mtu yule akinisalimu namezea. Kisha mke wake mwenyewe akaja kutuambia kwamba mchana ule mumewe alikuwa kwa mwanamke mwingine. Hakuna anayejivua nguo hadharani kwa uongo. Nikamwacha.

Halafu ikaja habari ya gari jeupe. Mtaa mzima uliliona, ila mmoja alisema jeupe, mwingine la fedha, na wa tatu akalitia na vioo vyeusi. Nikauliza nani aliliona kabla gazeti halijaandika. Hakupatikana hata mmoja. Gari lile liliingia mtaani kwetu kupitia gazetini.

Akabaki fundi viatu. Kiatu kimoja cha Kidoti kilikutwa kibandani kwake, unakumbuka. Alisema mtoto alikipitisha mchana ule soli imebanduka, akamwazima kandambili. Na kweli alikutwa na kandambili kubwa miguuni. Lakini watu hawakungoja maelezo. Walimvunja mkono, ule ule wa kushikia sindano. Nami siwezi kuwalaumu wao peke yao, maana nilitema mate mlangoni kwake. Na wewe, kaka, ndiwe uliyekuwa wa kwanza kusema yule mzee aangaliwe.

Sasa kuna mpango wa kumpeleka mahakamani. Binti wa miwani hana uhakika, lakini wakubwa wake wanataka jalada lifungwe, na wanasema fundi viatu ndiye mtu wa mwisho kumwona. Mzee mwenyewe anakohoa damu. Akiingia rumande hatoki mzima.

Basi wakanitolea sweta. Nilijikaza nisilie mbele ya watu, nikashindwa. Nilipomaliza kulia nikalishika kama ninavyoshika kazi ya mteja, na hapo mkono wangu ukasita kwenye kifungo cha tatu.

Dada amesema tangu siku ya kwanza, na maelezo yake yameandikwa, kwamba asubuhi ile kifungo cha tatu kilikatika. Walikuwa wamechelewa. Akambana mtoto kwa pini, kifungo akakitia kwenye mfuko wa sweta. Kwenye orodha ya vitu walivyomkuta navyo Kidoti, mfukoni kuna pini moja. Kifungo hakimo mfukoni. Kipo kifuani, kimeshonwa.

Hakuna polisi aliyeona ajabu. Wanaume wale, sweta likiwa na vifungo vyote wao wanaona ni sweta zima.

Nilikwenda kwa fundi viatu. Mara ya kwanza katika miaka tisa. Alifungua mlango akaniangalia kama anayesubiri kupigwa, nikaona haya mpaka nyayoni. Nikamuuliza habari ya sweta tu. Akasema aliiona ile pini, akataka kumsaidia mtoto kwa uzi wake wa viatu, mtoto akacheka.

"Aliniambia, uzi wako mnene, mjomba wangu atakishona vizuri. Haya niliwaeleza siku ileile, mama. Hawakuandika."

Mjomba wake, kaka, ni mmoja.

Nilijibishana na nafsi yangu siku nne. Nikasema labda mwalimu ndiye aliyekishona. Lakini kutoka shule mtoto alipita kibandani, na pini ilikuwa bado kifuani. Nikasema labda ni mpita njia mwenye huruma. Nikarudi kituoni, nikaomba kulishika tena lile sweta, nikakitazama kifungo chini ya taa.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha, Mungu amrehemu. Kabla ya kukaza fundo, uzi uzungushwe chini ya kifungo mara saba ili kisimame. Si sita, si nane. Tukikosea alikata kwa wembe tukaanza upya. Hakumfundisha mtu wa nje hata mmoja. Sisi watatu tu, mimi, Dada na wewe. Nimehesabu. Ni saba.

Dada hakukishona. Mimi nilikuwa nimelazwa, mguu kwenye plasta, na wewe ndiwe uliyenipeleka. Na tena, uzi ule umezungushwa kwa kurudi nyuma, kama azungushavyo mwenye mkono wa kushoto. Baba alikuwa akikutania kwamba shati lako likifuliwa litajifungua lenyewe.

Uliwaambia polisi kwamba siku ile karakana yako ya ushonaji haikufunguliwa, kwamba ulikwenda kununua vitambaa na mtoto hukumtia machoni. Wiki tatu baadaye ukasafiri. Sisi tulisema ni uchungu.

Kaka, inawezekana ulimshonea, ukambusu kichwani, akaenda zake akakutana na shetani mwingine njiani. Inawezekana uliogopa kuwa wa mwisho, ukafyata ulimi, na uongo wa siku moja ukawa wa miaka tisa. Naliomba hilo kila nikipiga goti hili bovu. Lakini sioni kwa nini mtu asiye na kosa amtangulize mzee wa watu mbele ya mawe. Nakushuku, na kukushuku wewe kunaniuma kuliko msiba wenyewe. Wewe ndiwe uliyenibeba mgongoni kwenda kliniki.

Alhamisi ya tarehe 20 nitatoa maelezo yangu. Barua hii inachukua siku saba, kwa hiyo unayo nafasi ya kupiga simu kituoni kabla yangu. Sitasema umeua, maana sijui. Nitasema habari ya pini, ya mizunguko saba na ya mkono wa kushoto. Na ili wasinione mwendawazimu, nimekata kifungo kimoja cha koti la Dada, na uzi wake wote, nimpelekee binti wa miwani alinganishe.

Msalimie wifi, na uwabusu pacha kwa niaba yangu. Wao hawana hatia ya lolote. Jirani wa duka la rangi anakusalimu, fundi viatu hajaniagiza salamu. Mungu akupe moyo wa kusema, na atupe sisi moyo wa kusikia.

Dada naye anakusalimu sana. Bado hajui. Nilikata kifungo cha chini kabisa nikidhani hataona, nikasahau kwamba naye ni fundi. Nimemwambia kimedondoka. Asubuhi hii amelivaa koti lako, pasipo na kifungo amebana pini, na anasema haidhuru, siku ukirudi utamshonea mwenyewe.

Wako, ambaye upendo haujamwisha,
Mdogo wako wa goti bovu.