Mistari Minne Niliyoifuta

Kilwa Masoko, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Mawingu yametanda tangu asubuhi bila kuleta mvua, na hewa inanata mwilini.

Ninaandika ili nisipate tena nafasi ya kukana. Kwa siku nne nimemwacha mwanamke wa heshima zake akisutwa kwa uchafu ambao ni wangu, na nahofia kwamba siku ya tano ningeanza kuzoea.

Mwanamke huyo ni Bi Zuhura, anayelitunza birika la udhu la upande wa wanawake katika msikiti wa mtaani kwetu. Amelisugua tangu mimi sijajua kufunga mtandio. Uchafu wenyewe ni kutu ya kijani. Na mwenye kutu ni mimi, mhitimu wa shahada ya mipango, niliyeamua baada ya mahafali kujifunza mikrokontrola: ile bodi ndogo inayoenea kiganjani, ambayo huandikiwa maagizo kwa kompyuta, kisha huyatekeleza yenyewe.

Nilianza kama waanzavyo wote, kwa kuwasha taa nyekundu moja na kuizima. Ilipowaka mara ya kwanza nilipiga ukelele, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimeona nyoka. Nilipaswa kubaki na taa ile kwa majuma kadhaa. Nikataka kitu cha kuonekana.

Birika letu lilikuwa likifurika kila pampu inapowashwa, na njia ya kina mama ikageuka tope. Basi nikaning'iniza ndani yake nyaya tatu za shaba za urefu tofauti, ncha zake nimezimenya. Maji yakipanda na kuzigusa, umeme hupita kutoka waya mmoja hadi mwingine, bodi ikajua yamefika wapi, na yakikaribia ukingo kengele ikalia. Bodi niliiweka ndani ya kopo la siagi, ikitumia chaja ya simu. Mbele ya kamati ya msikiti nilisema, kwa Kiswahili changu cha chuoni, kwamba kifaa hicho "nimekibuni".

Sikubuni kitu. Programu niliinakili mtandaoni, neno kwa neno, na nusu yake sikuielewa.

Kengele ilipolia Ijumaa ya kwanza, kina mama walipiga vigelegele. "Mwajuma wetu kawa injinia!" Sikumsahihisha aliyesema.

Haikupita wiki, maji yakabadilika. Mama Nasra, muuza vitumbua, alisukutua mara moja tu akatema hadi ukutani.

"Bi Zuhura! Birika hili unalisugua, au unaliombea dua tu?"

"Mwache bibi wa watu, macho yamekwenda," akadakia mwingine.

"Macho yamekwenda, na pua nayo imesafiri?"

Wakacheka. Bi Zuhura alilimwaga birika lote, akalisugua kwa mchanga na chokaa, akalijaza upya. Baada ya siku mbili ukijani ulirudi kwenye saruji, ukiteleza kama makamasi. Nami nilionja. Ilikuwa kama kulamba kufuli.

Kila binti aliyepita madrasa anajua kwamba maji yakibadilika rangi, ladha au harufu, udhu una mashaka. Yetu yalikuwa yamebadilika yote matatu.

Jumapili nilizitoa nyaya. Mmoja ulikuwa umeliwa hadi kubaki kama mwiba. Mwingine ulivimba madonge ya kijani yaliyolainika, yakanidondokea kwenye kidole cha mguu. Nikarudi kwenye ukurasa nilikoinakili programu, nikaikuta mistari minne iliyoandikwa juu kabisa na mwenye programu: jina lake, kisha onyo. Usiache umeme kwenye nyaya muda wote. Maji huzila, na chuma chake huingia majini. Usizitumie kabisa katika maji ya watu.

Mistari hiyo naikumbuka vizuri. Niliifuta siku ya kwanza, kabla ya kuipiga programu picha ya kuionyesha kamati.

Niliifuta kwa sababu ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Hilo ndilo linalonitapisha kuliko kutu. Kutojua kwamba maji ya kisima chetu, kwa chumvi yake, yangeila shaba upesi zaidi ni ujinga, na mwanafunzi hasutwi kwa ujinga. Lakini mimi niliambiwa. Niliambiwa kwa maandishi, nikabonyeza kitufe.

Halafu nikafanya baya zaidi. Nilikiondoa kifaa chote kimya kimya, na walioniuliza niliwajibu kwamba "ninakifanyia maboresho". Maboresho! Kamati ikalifunika birika kwa bati, kina mama wakaanza kubeba ndoo kutoka majumbani, na jana nikasikia kwamba wiki ijayo kazi ya birika atapewa mtu mwingine, mwenye macho.

Leo nimekwenda. Bi Zuhura alikuwa barazani kwake akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana kama umemeza ndimu?"

Nikamweleza yote, na mistari minne pia. Ungo ulitulia mapajani mwake.

"Kwa hiyo si macho yangu?"

"Si macho yako, bibi."

"Nimekwenda hospitali, Mwajuma. Nimepanga foleni asubuhi nzima, nimesomeshwa herufi ukutani kama mtoto wa darasa la kwanza."

Akacheka kidogo, kisha akaacha, na kuacha kule kulinichoma kuliko matusi. Nikasema nitakwenda kwa mwenyekiti wa kamati, nimweleze faraghani.

"Hapana. Mimi sikusutwa faraghani. Nilisutwa penye birika, na mate ya Mama Nasra yakichuruzika ukutani. Utasemea palepale."

"Lini, bibi?"

"Kesho. Saa tano, wakishakusanyika na ndoo zao. Uje na hilo liwaya lako walione. Na brashi uje nayo, maana yangu imekwisha kwa ajili yako."

Waya nimeufunga kwenye karatasi, na bado unanuka. Mistari minne nimeirudisha mahali pake, na jina la mwenyewe juu. Kisha nimeinakili kwa mkono ili niwasomee. Nimesoma kwamba boya la plastiki lingefanya kazi ileile bila chuma kugusa maji. Hilo sitalitamka kesho. Kesho si siku ya kuonyesha ninachokijua.

Nitasema Ijumaa, saa tano kamili asubuhi, penye birika la wanawake.