Siku Niliandika Jina ya Banza

Mujukuu wangu Kalenga,

Tunakusalimia sana kutoka Ruashi. Nkambo yako mwanamuke, muke wangu, iko muzuri, na dada yako amezaa mapasa, batoto babili mara moja.

Uliniuliza namna gani niliacha kucheza mupira, nikakuwa antrenere, mwalimu wa bachezaji. Ilikuwa zamani, mu Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Antrenere wetu aligonjwa, akaniachia ekipe mbele ya finale. Nilikuwa kapiteni, lakini goti lilikuwa linaniuma, na Banza, kijana wa ekipe yetu, alikuwa ananipita mbio. Nikaandika jina yake mu nafasi yangu.

Akaniambia, “Kapiteni, bantu batakucheka.”

“Bacheke. Wewe cheza.”

Banza alifunga bao ya ushindi. Nikaruka kando ya uwanja, na furaha ile ikapita ya mabao yangu yote. Sikuvaa tena viatu vya mupira, wala sikuvililia.

Ubakie na amani,
Nkambo yako Mwansa