Kigelegele cha Kwanza

Black Rock, Buffalo
Jumatatu, 22 Desemba 2014

Kaka yangu mpendwa Salvatori,

Amani ya Bwana ikufikie wewe, wifi Caritas na watoto wote hapo Okolona. Mgongo wako umepoa tangu walipokuhamishia upande wa kupakia malori? Usibebe kama kijana, kaka, hakuna atakayekupa mgongo mwingine. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mume wangu Yonasi anakohoa kidogo, ni baridi tu, nami naendelea na zamu zangu za kuwatunza wazee. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Uliuliza habari za ile theluji ya Novemba. Huku Black Rock ilianguka kidogo tu, lakini upande wa kusini, uliko uwanja wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, ilifunika magari na milango. Timu ya hapa, Bills, ikabidi ipelekwe Detroit ikacheze huko mechi yake ya nyumbani. Yonasi alisema, basi na hawa sasa ni wakimbizi. Walishinda pointi thelathini na nane kwa tatu.

Najua unashangaa nimejifunza wapi mambo ya pointi. Ni Mama.

Mwaka jana miguu yake ilipokataa, alikuwa anakaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha. Jirani yetu Patricia, mjane wa Kimarekani, alikuwa anakuja kila Jumapili sisi tukitoka misani, ameshika sufuria ya supu, anawasha televisheni wanatazama mpira pamoja. Hawakuelewana hata neno. Mmoja anasema Kiingereza, mwingine Kirundi, na kila mmoja anaitika “ehee” kama amesikia. Sheria za mchezo Mama hakuzijua wala hakuzitaka. Siku ya kwanza tu aliona mchezaji amekumbatia mpira kifuani, wanaume wakubwa wanamkimbiza, akaniambia, “Delfina, tazama, yule amebeba mtoto.”

Tangu siku hiyo, aliyebeba mpira ndiye mtu wake, hata akiwa wa timu nyingine, na hilo lilimuudhi sana Patricia. Akiangushwa, Mama anafanya ishara ya msalaba. Akiinuka na mpira wake, Mama anashusha pumzi na kusema mtoto ni mzima.

Wewe unajua maneno hayo yalitoka wapi. Ulikuwa na miaka sita, umeshika kitenge chake. Ni wewe uliyenisimulia kwamba siku ile tulipokimbia vita Burundi hakunibeba mgongoni, alinishika kifuani, ili risasi ikitoka nyuma impate yeye kwanza. Ukasema mpaka mlipovuka mto Malagarasi kuingia Tanzania alikuwa na neno moja tu kwako: kimbia mwanangu, usigeuke.

Akafariki mwezi wa kwanza, wiki moja baada ya mechi ya mwisho. Ulikuja tukamzika, na wewe kama mkubwa wetu ukasema tushike matanga mwaka mzima, pasiwe na ngoma wala kigelegele, mpaka tarehe tatu Januari tutakapokutana kwa dada yetu Marita, Westerville karibu na Columbus, kuyaondoa. Na kwa desturi ya nyumba yetu, kigelegele cha kwanza ni cha binti aliyemfumba marehemu macho. Ndiye mimi. Marita amenipigia mara mbili kunikumbusha. Anasema maharage ameshanunua, na wanawake wa Columbus wanasubiri sauti yangu.

Sasa nikuambie, kaka. Kwenye mazishi sikutoa chozi. Watu walisifu imani yangu, lakini haikuwa imani. Nilikuwa mkavu, kama mtu aliyemezwa na kazi. Na mwaka huu mpira ulipoanza tena, Patricia akagonga mlango na sufuria yake. Nikajiambia kuketi si dhambi, nitakaa tu karibu na kile kiti cha Mama. Wakishinda, nanyamaza. Wakishindwa, nanyamaza. Hata siku ya Detroit nilinyamaza. Patricia akaniuliza kwa mikono nina nini. Niliweka kidole mdomoni, nikamwonyesha kiti. Akaelewa. Tangu hapo na yeye akawa anapiga makofi bila kuyagusanisha, mzee wa watu.

Jumapili ya tarehe kumi na nne walikuja wageni wa Green Bay, timu ya kuogopwa. Mchezo bado mchanga, wageni wakaupiga mpira juu. Kijana wetu akaudaka, akaukumbatia kifuani, akaanza kukimbia. Wa kwanza akamkosa. Wa pili akamkosa. Wakawa wanamwangukia kila upande na yeye anapita katikati yao. Nikasikia sauti inasema kwa Kirundi, “Kimbia mwanangu, usigeuke,” na ilikuwa sauti yangu, nami nimesimama. Akafika, kaka. Alifika mwisho wa uwanja, hajaguswa, mpira uko kifuani.

Nikapiga kigelegele. Kirefu, mpaka pumzi ikaniishia. Kisha machozi yakaja, yale ya Januari, yote, na Patricia akanishika mpaka mchezo ukaisha.

Spés wa kwaya alikuwa mlangoni na sahani ya sombe, kisamvu chetu. Alisema, “Dada Delfina, kumbe matanga ya Mama Mukabutera yameondolewa na wacheza mpira.” Akaweka sahani mezani, akaenda. Ana ndugu Columbus, kwa hiyo habari huenda itafika kabla yangu. Lakini siandiki kwa kumwogopa Spés.

Naandika kwa sababu siwezi kusimama mbele ya watu nikatoa cha pili nikakiita cha kwanza. Padri amesema Mungu hana hasira nami, nikuombe wewe radhi. Basi nakuomba: mpe Marita nafasi yangu, au unipe adhabu utakayoona. Ukiniuliza mbele ya watu kama nimeshika matanga, nitasema hapana.

Jana wameshindwa kwa pointi mbili, na tumaini la msimu limekwisha. Patricia amesema mwaka ujao. Anasema hivyo karibu miaka kumi na mitano sasa. Imebaki mechi moja tu, nitaitazama kimya.

Lakini ukiniuliza nilimpigia nani, sikumpigia mchezaji. Nilimpigia Mama, kwa kuwa alifika. Wewe ulimwona akivuka, kaka. Mimi nilikuwa mtoto kifuani, sikuona kitu. Sasa nimeona.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Yonasi anakusalimu, na Patricia pia, ingawa hakujui. Mama Maria awatangulie njiani mtakapoenda kwa Marita, na mwendeshe polepole kwenye barafu.

Dada yako akupendaye,
Delfina