Barua Ndani ya Kiatu cha Kushoto

Keumbu,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwa mpwa wangu Brandon,

Salamu kutoka nyumbani. Huku sote tuko wazima. Mama yako Orpah hajambo isipokuwa lile goti, nalo huuma siku za kuchuma chai tu. Siku za harusi limepona. Wewe je? Unakula ukashiba? Kile kikohozi cha baridi kimekuachilia?

Njumu zako zilifika jana kwenye ofisi ya vifurushi, bila kuchelewa. Najua utasema, Mjomba si una simu? Ninayo. Lakini ya simu mama yako huyasikia yote akiwa jikoni, na barua iliyo ndani ya njumu hakuna anayeifungua. Nani ataingiza mkono mle kwa hiari yake? Kwa hiyo tukubaliane: barua zetu, kiatu cha kushoto.

Umeandika kwenye karatasi, "Mjomba, shona kama kawaida." Nikazigeuza. Nikazipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikavaa na miwani. Brandon, nishone nini? Miaka minne ukichezea timu ya soko hapa Keumbu, kila wiki ya tatu ulikuwa kibandani kwangu. Ngozi ya kushoto, pale unapopigia mpira, ilikuwa inafunguka kama mdomo wa mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Hizi, uzi niliotia mwezi wa saba uko vile vile. Meno ya chini bado yana makali. Nimejikunia mgongo.

Mimi si mtu wa kushuku watu. Naangalia tu viatu. Yule wakala wako Nyamongo, siku ile alipokuja kumwambia mama yako kwamba klabu kubwa ya Nairobi inakutaka, alivua viatu mlangoni. Nyinyi mlipofumba macho kuomba, nikavigeuza. Visigino vizima, ncha ndizo zimeisha. Mtu wa namna hiyo husimama akiwa tayari kukimbia.

Kila Jumapili baada ya misa mama yako anasimama kigangoni: "Mniombee mtoto wangu anayecheza Nairobi." Watu wanapiga makofi. Mimi pia napiga, polepole.

Unacheza?

Mjomba wako,
Masese

—

Nairobi,
22 Septemba 2024

Mjomba,

Nimefurahi kupata barua, ingawa nilivaa kiatu kwanza nikaikanyaga. Mimi mzima kabisa. Kikohozi kimeisha. Tunakula vizuri, kuna mtu kazi yake ni kutuambia tule nini. Msalimie mama na goti lake.

Mjomba, huku si Keumbu. Nyasi ni laini kama godoro. Hakuna mawe, hakuna ng'ombe wa Mzee Mose wanaokatiza wakati wa kona. Njumu haziwezi kuisha haraka. Tena wachezaji tuko ishirini na tisa, na kocha huwaingiza wageni pole pole. Nimeingia mechi mbili, dakika za mwisho. Nyamongo anasema mtu akishavaa jezi ya klabu hii, hata akikaa benchi, anaonekana kuliko mfungaji bora wa kijijini.

Na tafadhali usigeuze viatu vya watu wakati wa maombi.

Mpwa wako,
Brandon

—

Keumbu,
17 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Habari za siku nyingi. Sisi hatujambo, mvua imezidi, ndizi zimeanguka lakini watu wamesimama. Natumaini na wewe unasimama.

Njumu zimefika tena, na safari hii zimechoka. Nilipofungua kifurushi nilicheka peke yangu kibandani mpaka Nyaboke wa mboga akaja kuuliza nimeona nini. Nikamwambia, mtoto wetu anacheza! Akanipa parachichi la bure.

Parachichi hilo nimelila kwa hatia, kwa sababu baadaye nilivaa miwani.

Brandon, wewe unapiga kwa mguu wa kushoto. Kwa hiyo mguu wako wa kulia ndio unaosimama, na meno ya kulia ndiyo huisha kwanza. Imekuwa hivyo tangu ukiwa darasa la sita. Hizi zimeisha meno ya kushoto. Ngozi iliyofunguka ni ya kulia. Na ndani, alama za vidole: kidole cha pili kimekipita kidole gumba, na mguu ni mpana mpaka ngozi imevimba pembeni. Mguu wako naujua kuliko mama yako anavyoujua uso wako. Huu si wako.

Njumu zimecheza. Mwenyewe alikuwa wapi?

Nilianza kushuku umeziuza. Nikajiambia hapana, angeziuza asingezileta zishonwe. Nimekaa na jambo hili siku tatu.

Jingine. Jumatano nilikuwa Marani kununua gundi. Kwenye ukuta wa kinyozi kuna picha yako kubwa, umevaa jezi ya klabu, umekunja mikono kama mtu aliyenyimwa chai. Chini yake: "Nilimpeleka huyu. Nipe na wako." Na namba ya Nyamongo. Bahati mbaya alikuwepo mwenyewe, anaongea na mama mmoja na kijana wake. Nikamsalimu.

"Mzee Masese! Umemwona bingwa wetu?"

"Nimeona picha," nikasema. "Yeye mwenyewe anacheza lini?"

"Kucheza kutakuja. Kwanza ni kuwa pale."

Nikaangalia picha, nikamwangalia. Picha haihitaji kucheza, Brandon. Inahitaji tu usivue hiyo jezi.

Nimeshona. Lakini nimeshonea mguu wako, si wa huyo bwana. Akizivaa zitamuuma.

Mjomba wako,
Masese

—

Nairobi,
24 Novemba 2024

Mjomba,

Salamu. Mimi mzima.

Sasa na mimi niulize. Mama ameniambia umeonekana Nyamira mara mbili mwezi huu, uwanjani, umeketi na kocha wa timu yao. Wewe huna mteja Nyamira. Huna ndugu Nyamira. Kutoka kibandani kwako hutoki hata kwenda kuona mbunge. Ulienda kufanya nini?

Timu ya Nyamira iko daraja la pili. Wiki iliyopita meneja wa klabu yetu aliniita akaniambia wameuliza kama ninaweza kwenda kwao kwa mkopo dirisha la usajili la Januari likifunguliwa. Walijuaje kwamba sichezi? Gazeti halikuandika. Mimi sikumwambia mtu. Aliyejua ni yule anayesoma njumu.

Nyamongo alinionya. Alisema watu wa nyumbani wakiona umepanda watakuvuta miguu, na atakayeanza ni wa damu yako. Nilimkatalia. Sasa sijui.

Njumu usinishonee tena. Huku kuna mtu wa klabu wa kazi hiyo.

Brandon

—

Keumbu,
8 Desemba 2024

Mpwa wangu Brandon,

Amani kwako. Kwa kuwa njumu huzileti, barua hii nimeitia ndani ya kandambili moja mpya, ya kushoto. Ya kulia utaipata ukija Krismasi.

Ndiyo, nilienda Nyamira. Mara tatu, ya tatu mama yako hakuisikia. Nilikaa na kocha wao, Mwalimu Tryphosa, yule mama anayefundisha hesabu. Sikumwomba kitu. Niliuliza kama vijana wake wana fundi viatu. Akaniangalia kama ninavyoangalia viatu vya wakala.

"Mzee, sema ulichokuja kusema."

Nikasema nina mpwa Nairobi ambaye njumu zake zinacheza bila yeye. Hakucheka. Aliuliza, "Yeye anataka kuja, au wewe unataka aje?"

Swali hilo nimerudi nalo Keumbu.

Mama yako ananunua kuku wa Krismasi. Njoo umle.

Mjomba wako,
Masese

—

Nairobi,
12 Januari 2025

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini mko wazima. Mama aliniambia mlimla kuku bila mimi na kwamba wewe hukumaliza paja lako. Nisamehe. Nilimwambia tulikuwa na mazoezi. Hatukuwa nayo. Nilikuwa nimekaa chumbani, mabegi yamefungwa. Niliona haya ya kuingia kigangoni wapige makofi.

Nakwambia yote, kwa sababu hata nisipokwambia utayaona.

Sijacheza. Zile dakika za mechi mbili ni uongo. Tangu Julai sijagusa mpira siku ya mechi, isipokuwa kuwarushia wanaopasha misuli. Mwezi wa kumi, dakika chache kabla ya mechi, njumu za namba kumi na moja zilipasuka. Ndiye anayecheza nafasi yangu. Akazunguka akiuliza nani anavaa saizi nane. Mjomba, nilinyanyua mkono upesi kuliko darasani. Nilidhani kocha ataniona. Ataona kwamba mimi ni mtu wa timu.

Alifunga bao na njumu zangu. Uwanja mzima ukasimama, na mimi nikasimama, nikiwa na soksi na kandambili. Baada ya mechi kocha akamkumbatia. Mimi nilirudishiwa njumu kwenye mfuko wa plastiki. Akawa anazichukua kila wiki. Ulipozishona kwa mguu wangu alilalamika zinambana, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Halafu nikalia chooni, nikafungua bomba la maji watu wasisikie.

Sasa mambo ni haya. Dirisha linafungwa mwisho wa mwezi. Klabu imesema naweza kwenda Nyamira kwa mkopo mpaka msimu uishe, au nitie sahihi miaka miwili zaidi nibaki. Nyamongo ana karatasi tayari na kalamu. Anasema anayeshuka daraja hapandi tena, na kwamba kuna vijana watano Marani wameahidiwa kwa jina langu. Na mama je? Atasimama aseme nini? Mniombee mtoto wangu aliyerudi Nyamira?

Niambie la kufanya. Nitafanya.

Mpwa wako,
Brandon

—

Keumbu,
15 Januari 2025

Brandon wangu,

Tuko wazima, na uzima wetu umeongezeka. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Sitakuambia la kufanya. Ulipokwenda ulifuata sauti ya Nyamongo. Ukirudi kwa sauti yangu utakuwa umebadilisha wakala tu. Nami nimejishuku mwenyewe. Tangu uondoke, njumu nyingine zinazoletwa hapa nazishona vibaya. Huenda nakutaka karibu kwa ajili ya mikono yangu, si kwa ajili ya miguu yako. Hilo lijue unapopima maneno yangu.

Ninachoweza ni kukueleza nilichoona. Uwanja wa Nyamira umeinama. Kipindi cha kwanza unapanda, cha pili unateremka. Una mawe. Mabeki wa huko wanapiga mpira na aliyeubeba. Mwalimu Tryphosa hana upendeleo: nilimwona akimtoa nahodha wake dakika ya ishirini kwa uvivu, naye ni mtoto wa dada yake. Ukienda ukazembea atakuweka benchi, na benchi la Nyamira ni ubao usio na kivuli. Lakini niligeuza njumu za vijana wake wote kumi na wanane. Zote zilikuwa zimeisha, za kila mmoja, kwa mguu wa mwenyewe.

Klabu yenu ni kubwa. Sikatai. Kuna watu wamebaki benchi mwaka mzima wakatokea kuwa watu. Siwezi kukuapia kwamba wewe hutakuwa mmoja wao.

Kuhusu mama yako, nilijaribu jana. Nikamwuliza, "Orpah, Brandon akicheza karibu, utaona aibu?" Akaacha kumenya ndizi. Akasema, "Masese, mimi sijawahi kumwona akicheza tangu aende. Nani amemwona?" Kumbe hata yeye alikuwa anapiga makofi polepole.

Usinijibu mimi. Amua.

Mjomba wako,
Masese

—

Keumbu,
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwa mpwa wangu,

Salamu. Goti la mama yako limepona ghafla. Alhamisi alitoka na kanga yake nzuri, akapotea kutwa nzima, akarudi sauti imekauka. Sikumuuliza. Viatu vyake vilikuwa na matope.

Januari ilipita, Februari ikapita, hukuandika. Nilienda Marani nikakuta ukuta wa kinyozi una picha ya kijana mwingine, naye amekunja mikono. Nikajiambia hiyo inaweza kuwa habari njema, au Nyamongo amepata karatasi kubwa zaidi. Mimi si mtu wa kuamini ukuta.

Jana ofisi ya vifurushi wakaniita. Mfuko wa plastiki, umefungwa kwa kamba ya soksi. Nikauliza umetoka gari la Nairobi? Maureen wa pale akasema, "La Nairobi halijafika, mzee. Huu umeletwa na gari la Nyamira."

Nikafungua kibandani. Nikaingiza mkono kiatu cha kushoto. Barua hamna. Nikaingiza cha kulia. Hamna. Nikavikung'uta vyote viwili, udongo ukanimwagikia kwenye aproni, na kokoto tatu.

Nikavaa miwani. Meno ya kulia yameisha; mawili yamekatika kabisa. Ngozi ya kushoto imefunguka pale pale pa miaka yote, kinywa wazi. Ndani, vidole ni vyako.

Nimeshona mara mbili upande wa kushoto. Meno nimebadilisha yote ya kulia. Ile kandambili ya kulia nimeiweka humo humo, inakudai tangu Krismasi.

Mama yako alikuja kibandani akaniona nimezishika. Akauliza kama umeandika.

Nikamwambia ndiyo. Ameandika kwamba anacheza.

Mjomba wako,
Masese