Mwanangu Anakupigia Simu Wewe

Nyumba ya ghorofani,
Juu ya duka la vioo.
Jumamosi, shule zimefungwa.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za nyumba nzima, za waliopo na za waliotoka. U hali gani? Miguu imepunguza kuvimba? Nilikuambia ununue kiti kirefu, uwe unasuka wateja umeketi, lakini wewe tangu lini ukasikia la mtu. Na shemeji fundi saa, kifua kimeachia? Mwambie aache kupuliza vumbi la saa za watu kwa mdomo, brashi zipo.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako bado anapanda ngazi za watu kuwawekea umeme, na taa ya chumbani kwetu haijawaka tangu mwezi uliopita. Mama hajambo, goti tu ndilo linamsumbua kukiwa na baridi. Anakula vizuri na anakuulizia. Kila asubuhi nampelekea chai, namshika mgongo aketi sawasawa, naye hata kikombe hajakipokea anauliza kama Kitinda amepiga simu. Umelalaje haniulizi. Nimezoea. Tangu utotoni ukikohoa wewe nyumba nzima inasimama, nikikohoa mimi naambiwa nitakuamsha. Nacheka ninapoandika haya, ila si sana.

Basi niingie kwenye lililonikalisha hapa. Umeomba nikujibu kabla shule hazijafunguliwa: mwanangu Chiriku aje kwenu amalizie sekondari huko, au abaki. Umesema chumba kipo, shule iko hatua chache, na mwenyewe anataka. Kwamba anataka najua. Aliniambia amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, macho chini, mtoto ambaye siku nyingine mdomo wake hauna breki. Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri nikipika, nimefikiri nikisahihisha mitihani, na kila nikifikiri nakuta wivu umeshika nafasi yote. Nakuonea wivu, mdogo wangu. Nimeona nikuandikie wazi, maana kwenye simu ningekuchekea tu kisha nikakata.

Unaijua kazi yangu. Kidato cha kwanza, historia, kila mwaka mada ile ile: staarabu za kale na imani za watu wake. Wenzangu wanaikimbia, mimi naipigania. Niamshe usingizini nitakueleza jinsi watu wa kati ya ile mito miwili walivyochimba mifereji, wakavuna kuliko walivyoweza kula, na ziada ile ikawalisha makuhani, waandishi, wafinyanzi na askari, watu ambao hawakushika jembe. Huwa napandwa na mori nikiifundisha, chaki inakatika. Na mwaka huu mwanangu mwenyewe ndiye kafika kidato hicho. Mwaka huu niliungojea tangu yuko tumboni.

Shuleni wakampanga kwa mwalimu mwingine, kwa sababu kwetu mzazi hafundishi mtoto wake. Yule mwalimu ni mtu mwema, lakini staarabu nne anazimaliza kabla kengele haijalia. Nikajisemea sawa, nitafaidi nyumbani.

Nikakata kadi. Kila dhana kadi yake, kwa herufi kubwa, nikazibandika pale zinapostahili. ZIADA kwenye pipa la unga. UMWAGILIAJI juu ya bomba. MATABAKA kwenye kabati la vyombo, ambako vya wageni vinakaa juu na vyetu chini. SHERIA kwenye mlango wa mbele. MIUNGU WENGI nilikosa pa kuiweka, nikaibandika kwenye friji. Utaratibu ukawa huu: hufungui kitu mpaka utaje maana ya kadi yake, neno kwa neno. Shemeji yako akanung'unika kwamba mtu mzima na akili zake hawezi kunywa maji baridi bila kueleza dini za Wamisri. Siku moja nikakuta kadi nisiyoiandika mimi, kwa mwandiko wa Chiriku, nyuma ya kiti changu: MFALME-KUHANI. Baba yake alicheka mpaka akaketi sakafuni. Nami nilicheka. Halafu nikamwita Chiriku nikamwambia asisahau kwamba mtu huyo alishika hekalu na ghala la nafaka kwa pamoja. Akasema, ndiyo mama. Akaenda zake.

Nilidhani mambo yanakwenda vizuri. Maana zote alikuwa amezimeza.

Ndipo ikaja Jumapili ile ya mvua. Alikuwa chumbani anajichana, simu ameiweka kwa sauti kubwa juu ya kitanda, na mimi nipo ukumbini nakunja nguo. Sikuwa najificha, nguo zilikuwa nyingi. Nikakusikia unamuuliza kama hao wa Babeli ndio wenye piramidi. Kitinda, mdogo wangu, umefundishwa na mzee yule yule mwenye fimbo aliyenifundisha mimi, hukushika hata hilo? Nilitaka kuingia nikurekebishe. Lakini mwanangu alicheka, kicheko ambacho humu ndani sijakisikia siku nyingi, akakueleza polepole kwamba piramidi ni makaburi ya wafalme wa Misri, na wale wengine walijenga mnara wa ngazi, hekalu likakaa juu kabisa. Ukamjibu kwamba kwako yote ni majengo ya mtu mwenye vibarua wengi. Akasema hapo umepatia. Mkacheka tena wote wawili.

Kisha ukamuuliza kwa nini watu wale walijisumbua na miungu wote hao, badala ya kuchagua mmoja wapumzike. Mimi swali hilo nikiulizwa darasani namwambia mtu akae chini. Yeye akakujibu.

"Mama mdogo, wewe ukikosa maji unakwenda ofisi ya maji, huendi posta. Na wao ni hivyo hivyo. Mvua ina wake, mto una wake, nafaka ina wake."

Ukamuuliza, sasa waliokuja kuamini Mungu mmoja, ilikuwaje. Nikasikia kitana kimesimama.

"Labda walihama," akasema. "Wakaona mungu wa mto hawezi kuwafuata."

Nilibaki na shati la baba yake mkononi. Miaka yote ninayofundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia jambo la namna hiyo. Kwenye kadi halimo. Kama ni kweli au si kweli tungebishana mpaka chakula kiive, na ubishi huo ndio niliokuwa nautafuta nilipoanza kukata makaratasi. Na jambo hilo amelisema kwako, wewe unayedhani Babeli kuna piramidi. Roho iliniuma, sikufichi. Nililirusha lile shati kapuni bila kulikunja.

Mkaendelea. Mkafika kwa yule mwana wa mfalme aliyeacha jumba lake akaenda kutafuta kwa nini watu wanateseka, akagundua kwamba chanzo ni kutamani. Chiriku akakueleza vizuri kabisa, na wewe ukasema huyo bwana hajawahi kuona kiatu kizuri dirishani. Somo hilo nalifundisha kila mwaka, naandika ubaoni chanzo cha mateso, napigia mstari. Siku hiyo nilikuwa nimesimama ukumbini nikitamani mtoto wangu mwenyewe, na wala mstari haukunisaidia.

Sikukubali kushindwa hivi hivi. Kesho yake tukiwa tunaosha vyombo, nikajifanya sijui. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza wewe, eti hivi wale watu wa zamani, kwa nini walikuwa na miungu wengi namna ile? Nikasugua sufuria, nangojea habari za posta na ofisi ya maji.

Akaweka sahani chini. Akafuta mikono, akaipeleka nyuma ya mgongo, akasimama wima. Akanitolea maana ya kadi ya kwenye friji, neno kwa neno, hata pumzi aliivuta pale nilipoweka mkato. Alipomaliza akaniangalia usoni.

"Nimepata, mama?"

Nikamwambia amepata. Akarudi kwenye sahani zake, nami nikaisugua ile sufuria mpaka mkono ukafa ganzi.

Sasa naelewa kinachomvuta kwako, na kukielewa hakujanipoza. Kwako yeye ndiye anayejua. Wewe unauliza, unakosea, unachekwa, na yeye anapata nafasi ya kufikiri kwa sauti. Mimi kila kitu nimeshakijua kabla hajafungua mdomo. Wivu wangu ungekuwa mwepesi kama wewe ungekuwa umenishinda mimi mama yake kwa akili. Umenishinda kwa kutojua, na kutojua hakufundishiki chuo chochote nilichopita. Shemeji yako anasema niache kadi, nikae naye tu nimsikilize. Anasema kama vile ni kubadilisha balbu. Nitajaribu, lakini nahitaji mtoto awepo ndipo nijaribu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Chiriku asije kuishi kwenu. Likizo aje, akae mpaka mchokane, nauli nitatoa mimi. Kuhama, hapana.

Na hapana hiyo nakuomba uiseme wewe.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Nikimkatalia mimi atatii, kama anavyotii kila kitu, na kila jioni nitakuwa nakaa na mtoto ambaye moyo umeshahama. Wewe anakusikiliza. Mwambie umefikiri tena, mwambie unamtaka likizo tu. Nilikuwa nimepanga kukuambia usingizie kwamba chumba kimebomoka dari, kisha nikaona hapana, mtoto ni mwerevu, na uongo nisikubebeshe.

Najua chumba kile mlikijenga kwa ajili ya nani. Najua mlivyongojea, na siku mliyoamua kutongojea tena nilikuwepo, nilikushika mkono. Nakuomba jambo zito na nalijua uzito wake. Na nitakuambia lililobaki, kwa kuwa leo nimeamua kusema yote: nataka akasirike nawe. Siku moja tu. Nataka atoke chumbani analalamika kuhusu mama mdogo, aje aketi karibu yangu, na mimi ndiye nikuombee msamaha kwake. Najua kuwaza hivi ni kubaya. Nimewaza hivyo, na bado nakuomba.

Akikupigia ukishaisoma barua hii, mwambie. Mimi nitakuwa jikoni.

Mama anakusalimu kuliko anavyonisalimu mimi. Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama shemeji fundi saa anaweza kumtengenezea ile yake iliyoingia maji. Chiriku hana haja ya kutuma salamu, zake unazipata mwenyewe. Nisalimie fundi saa, na wasichana wote wa saluni, hasa yule mnene anayenichekesha kwenye simu.

Mungu akulindie mikono yako, akupe usingizi mzuri na wateja wasio na maneno mengi. Na hicho chumba akijaze kwa njia anayoijua yeye, isiwe kwa kuchukua changu.

Wako akupendaye, hata leo,

Dada yako