Mkanda wa Musili

Jasleen, nimechoka mpaka kucheka nashindwa.

Unajua vile bwanangu akiwa jimu havui ule mkanda wake wa kuinua vyuma. Krish, kocha wake, amemwambia mara ngapi: "Bro, mkanda ni wa uzito mkubwa pekee. Fanya mazoezi ya tumbo kwanza, hilo ndilo linashika mgongo." Musili anajibu nini? "Mkanda ndio mgongo wangu."

Ati ndio mgongo wake!

Leo asubuhi ameinua kilo themanini, mkanda ameukaza mpaka macho yakamtoka. Akarudi hapa nyumbani Woodley kifua mbele, akauvua, akainama kuokota soksi.

Soksi, Jasleen. Moja.

Mgongo ukakwama hapo hapo. Akaanguka sakafuni kama gunia, najua anawaza atamwambia nini Krish, halafu akaniita kwa sauti ndogo kabisa: "Mama Mwende, niletee mkanda."

Mkanda wa nini, na hata kugeuka hawezi?

Nikachuchumaa, nikavuta pumzi, nikamwinua mpaka kitandani. Kilo tisini na mbili. Mimi, bila mkanda.

Soksi bado iko pale chini. Leo siinami tena.